Vitufe vya Pembe Visivyohitaji Kidole

Historia ya pembe za ndovu, kama tunavyoisimulia huku kwetu, huishia bandarini. Msafara unatoka Ujiji, unapita Tabora, unafika Bagamoyo. Mzigo unavushwa kwa jahazi hadi Unguja, unapimwa kwa frasila, ushuru unalipwa forodhani, na hapo mwalimu anafunga kitabu. Tippu Tip tunamjua, hata tawasifu yake aliiacha kwa Kiswahili kabla ya kufariki Unguja mwaka 1905. Seyyid Said tunamjua. Mnunuzi wa mwisho ndiye hatumjui. Anabaki kuwa "Wazungu" tu, kana kwamba Wazungu walikuwa wakizila hizo pembe.

Mnunuzi huyo alikuwa na anwani. Katika jimbo la Connecticut, Marekani, kuna vijiji viwili jirani kwenye bonde la mto wenye jina hilohilo la jimbo: Deep River na Ivoryton. Deep River kulikuwa na kiwanda cha Pratt, Read & Co.; Ivoryton kulikuwa na Comstock, Cheney & Co. Viwanda hivi viwili vilimeza sehemu kubwa sana ya pembe zilizoingia Marekani, na kazi kuu ya pembe hizo ilikuwa moja: kufunika vitufe vyeupe vya piano. Kampuni ya Arnold, Cheney & Co. ya New York iliweka mawakala wake Unguja, wakanunua pembe papa hapa Mji Mkongwe na kuzipakia melini. Wafanyabiashara wa hapa nao walizipanga pembe kwa kuangalia ziendako. Kulikuwa na bab ulaya, pembe kubwa na nzuri za kwenda Ulaya na Marekani. Kulikuwa na bab kachi, za kwenda Kachi, India, kutengenezwa bangili. Na kulikuwa na kalasha, vipembe vidogo. Soko lilijua vizuri mteja ni nani, hata kama vitabu vyetu havisemi.

Pembe za Afrika Mashariki zilipendwa kwa sababu nyingi kati yake ni laini. Pembe ngumu, za aina iliyotoka zaidi Afrika Magharibi, hupasuka kirahisi baridi ya majira ikipishana na joto la sebuleni. Ile laini inakubali msumeno, inakubali kung'arishwa, na inatulia ikishabandikwa kwenye mbao.

Kazi yenyewe inastahili kuangaliwa kwa karibu. Pembe ilikatwa vipande vifupi, kisha fundi aliyezeeka katika kazi akakaa na penseli akachora juu ya kila kipande namna ya kukipasua, maana kosa lake moja lilikuwa hasara ya pesa nyingi. Misumeno midogo ya duara iliyomwagiwa maji ilitoa vipande vyembamba kama vya milimita moja na nusu. Kitufe kimoja kilihitaji vipande viwili: kichwa, ile sehemu pana inayoguswa na kidole, na mkia, ule wembamba unaopenya kati ya vitufe vyeusi. Piano nzima ina vitufe vyeupe 52. Vipande viliwekwa kwenye dawa ya kupausha, kisha vikaanikwa wiki kadhaa ndani ya vibanda virefu vya vioo vilivyoelekezwa kusini kulifuata jua, vikigeuzwageuzwa hadi rangi ya manjano iishe. Baadaye wafanyakazi walivipanga kwa kulinganisha rangi na mistari ili vya piano moja vifanane. Hata vumbi la msumeno halikutupwa. Lilitumika kama mbolea ya bustani.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kulipita. George Read, mmoja wa waanzilishi wa biashara hiyo Deep River, alikuwa mzee wa kanisa na mpinzani wa utumwa. Alimpokea mtu mweusi aliyetoroka utumwani kusini mwa Marekani, akampa hifadhi hapo kijijini. Lakini katika miaka hiyohiyo pembe zilizolisha kiwanda zilitoka katika biashara iliyofungamana na utumwa wa pwani na bara letu. Simwiti mnafiki. Ninachosema ni kwamba umbali wa bahari mbili ulitosha kumfanya mtu mwema asione kilicho mezani kwake, na hiyo si tabia ya karne ya 19 peke yake.

Karne ya 20 ilipoanza, mambo ya huku yalikuwa yamebadilika. Unguja ilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza tangu 1890, na hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa visiwani mwaka 1897. Reli ya Uganda ilifika ziwani Kisumu mwaka 1901, pembe nyingi za bara zikaanza kupitia Mombasa. Za Kongo alizichukua Mfalme Leopold kwa mtutu wa bunduki, zikapelekwa Antwerp, ambako soko la pembe likakua likaipita London. Njia zilibadilika, walioshika mizani wakabadilika, ila hamu ya kule mwisho haikupungua. Iliongezeka. Mwaka 1909 viwanda vya Marekani vilitoa piano zaidi ya 360,000 katika mwaka huo mmoja.

Nani alikuwa anazinunua zote hizo?

Jibu la haraka ni "wapenda muziki", na mimi silikubali. Wapenda muziki hawajawahi kuwa wengi hivyo katika nchi yoyote. Piano ya mwaka 1909 ilikuwa samani ya sebule kabla ya kuwa ala. Ilitangaza kwamba nyumba hii imefika, kwamba binti wa humu analelewa vizuri, kwamba baba ana kipato cha kueleweka. Wakulima wa Magharibi ya Kati ya Marekani waliuziwa na watu kama W. W. Kimball wa Chicago, aliyefahamu mapema kwamba mteja wake hana dola mia tatu mkononi ila ana dola chache kila mwezi. Mawakala walizunguka vijijini na gari la farasi, wakiacha chombo nyumbani kwa mtu "akijaribu". Ukishakiweka sebuleni na majirani wakakiona, kukirudisha ni aibu, na muuzaji alilijua hilo kuliko mnunuzi. Walimu wa muziki nao walipewa kamisheni na maduka kwa kila mzazi waliyemshawishi. Ziliuzwa pia piano nyingi za kuunganishwa kwa vipuri vya hapa na pale, kisha zikabandikwa jina lolote ambalo duka lilitaka, mara nyingine jina linalofanana kwa ukaribu wa kutilia shaka na la kampuni maarufu. Steinway, ile kampuni ya piano za kifahari, ilikuwepo, ndiyo, ila Steinway ilikuwa tone katika bahari hiyo.

Uingereza mambo yalikuwa yaleyale kwa jina jingine: "mfumo wa miaka mitatu". Unachukua piano, unalipa kila mwezi kwa miaka mitatu, halafu inakuwa yako. Kesi iliyoweka msingi wa sheria ya ununuzi wa namna hiyo katika nchi zinazofuata sheria ya Kiingereza ni kesi ya piano. Mfanyabiashara Helby alimkodisha mtu aitwaye Brewster piano kwa shilingi 10 na peni 6 kwa mwezi, miezi 36, na kwa masharti kwamba Brewster anaweza kuirudisha wakati wowote. Brewster akalipa miezi michache, kisha akaipeleka kuiweka rehani kwa Matthews na kuchukua pesa. Mwaka 1895 Baraza la Mabwana, likikaa kama mahakama ya juu kabisa, likaamua kwamba piano bado ni ya Helby, kwa kuwa Brewster hakuwa amefungwa kuinunua; alikuwa na hiari tu. Tangu hapo kila muuzaji wa samani, cherehani na baadaye magari alijua namna ya kuandika mkataba. Wanafunzi wa sheria Nairobi na Dar es Salaam wanaisoma kesi hiyo hadi leo, na Kenya ilipotunga sheria yake ya ununuzi wa kukodi mwaka 1968, ilikuwa inashughulika na mkataba wa ukoo huohuo. Anayechukua simu leo kwa lipa mdogo mdogo, na simu ikafungwa kwa mbali asipolipa, anaishi ndani ya nyumba ambayo wauza piano walichimba msingi wake.

Sasa tuje kwenye piano ya kujipiga, maana ndiyo inayothibitisha hoja yangu.

Edwin Votey alitengeneza Pianola katikati ya miaka ya 1890 na Kampuni ya Aeolian ikaingiza sokoni miaka michache baadaye kwa dola 250. Ile ya kwanza haikuwa piano. Lilikuwa kabati linalosukumwa hadi mbele ya piano yako, lenye safu ya vidole vya mbao vilivyofunikwa kitambaa kizito. Mtu anakaa, anakanyaga kanyagio mbili, mivukuto inafyonza hewa, na roli ya karatasi yenye matundu inapita juu ya upau wenye vitundu. Tundu la karatasi likikutana na la upau, hewa inaingia, vali inafunguka, kidole cha mbao kinashuka kwenye kitufe cha pembe. Baada ya muda mitambo ikahamishiwa ndani ya piano yenyewe, kabati la nje likafa, na vitufe vikawa vinashuka vyenyewe mbele ya macho ya wageni.

Mwanzoni kila kampuni ilikuwa na roli zake, nyingi za noti 65, na roli ya huyu haikukubali kwenye mashine ya yule. Desemba 1908 watengenezaji walikutana Buffalo, New York, wakakubaliana kipimo kimoja: noti zote 88, matundu tisa kwa kila inchi. Baada ya hapo biashara ilipaa. Kufikia mwaka 1923, zaidi ya nusu ya piano zilizotengenezwa Marekani zilikuwa za kujipiga.

Tafakari maana yake. Zaidi ya nusu ya piano za nchi iliyokuwa ikitumia pembe nyingi namna ile ziliuzwa kwa ahadi kwamba hakuna atakayelazimika kujifunza kuzipiga. Kampuni ya Gulbransen ilichagua nembo ya mtoto mchanga anayetambaa, mkono wake mdogo ukikandamiza kanyagio: mwepesi kiasi hicho. Na kanyagio ndiyo hasa iliyofanya kazi. Hata hivyo, vitufe vya pembe vilibaki palepale, vimepaushwa kwa jua la Connecticut, vimelinganishwa mistari, vinameremeta. Kule Deep River, Pratt, Read walitengeneza pia mitambo ya kujipiga. Kampuni iliyopasua pembe kwa ajili ya ncha za vidole ndiyo hiyohiyo iliyouza mtambo wa kuviondolea vidole kazi.

Najua nitajibiwa. Utaambiwa piano hizo ziliweza pia kupigwa kwa mkono, na ni kweli. Utaambiwa piano za bei nafuu zilikuwa zimeshaanza kufunikwa seluloidi, plastiki ya mwanzo mwanzo, badala ya pembe, na hilo nalo ni kweli. Ila jiulize kwa nini seluloidi ilitengenezwa ikaigiza hadi mistari ya pembe. Utaambiwa mpigaji hodari wa Pianola alikuwa msanii wa namna yake, kwa sababu vipo vishikizo vya kuongeza na kupunguza mwendo na nguvu. Hapo nakubali nusu. Wapo waliokuwa hodari. Na zile mashine za juu kabisa, Welte-Mignon ya Ujerumani tangu 1904 na baadaye Duo-Art na Ampico za Marekani, zilihifadhi mapigo ya wapiga piano mashuhuri kama Paderewski na Rachmaninoff kwa ustadi ambao santuri za wakati ule zenye mikwaruzo hazikuukaribia. George Gershwin, mtunzi maarufu wa Marekani, alianza kulipwa kwa kurekodi roli akiwa bado kijana. Mamilioni ya watu ambao wasingesikia kamwe okestra walisikia muziki wa okestra sebuleni kwao. Sidharau.

Lakini kama watu walitaka muziki tu, lile kabati la awali la dola 250 lingetosha, au hata santuri, ambayo ilikuwa rahisi zaidi na iliimba kwa sauti ya binadamu. Walichoendelea kununua ni piano nzima, nzito, ya mamia ya dola, yenye tabasamu la pembe, kwa malipo ya kila mwezi. Walinunua mwonekano wa nyumba yenye mtu anayejua kupiga piano. Ndovu wa Karamoja alianguka kwa ajili ya mwonekano huo.

Roli hizo zilizua ugomvi mwingine ambao matokeo yake yanatufikia bado. Watunzi hawakuwa wakilipwa chochote. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya White-Smith dhidi ya Apollo, ilisema roli si nakala ya wimbo kwa kuwa macho ya binadamu hayawezi kuisoma kama muziki. Kisheria ilikuwa hoja safi. Kwa mtunzi ilikuwa dhuluma. Wakati huohuo Aeolian, ikinusa kwamba sheria itabadilika, ilikuwa imeshafunga mikataba ya kipekee na makumi ya wachapishaji wa muziki. Bunge likajikuta katikati: likiwanyima watunzi haki, ni uonevu, likiwapa haki kamili, kampuni moja inamiliki muziki wa nchi. Sheria ya Hakimiliki ya 1909 ikatoka na njia ya tatu. Mtunzi akishamruhusu mtengenezaji mmoja kuuweka wimbo wake kwenye mashine, mwingine yeyote anaweza kufanya hivyo bila kuomba ruhusa, mradi alipe senti mbili kwa kila nakala.

Senti mbili hizo hazikubadilika hadi mwaka 1978. Santuri zilikuja, redio ikaja, kaseti zikaja, mtunzi wa Marekani akabaki na senti mbili zilizopangwa kwa hofu ya kampuni ya piano za kujipiga. Kiwango kilikuja kupanda, lakini mfumo haukuvunjwa. Sheria ya 2018 iliyopanga malipo ya muziki unaosikilizwa mtandaoni Marekani imejengwa juu ya kifungu hichohicho cha leseni ya lazima. Mtunzi wa Bongo Fleva ambaye wimbo wake unasikilizwa na Wabongo na Wakenya wa Minneapolis analipwa, akilipwa, kupitia mlango uliotobolewa na roli za karatasi. Wanamuziki wetu wanaolalamika kwamba bei ya kazi yao hupangwa na watu wengine wana haki ya kujua ugonjwa huo ulianza lini.

Kuhusu anguko, maelezo yaliyozoeleka ni kwamba redio iliua piano ya kujipiga. Redio ilianza matangazo ya kawaida Pittsburgh mwaka 1920, mtandao wa NBC ukaanzishwa 1926, na rekodi za umeme za tangu 1925 ziliipa santuri sauti ya maana. Yote hayo yalichangia. Ila ukiitazama piano kama nilivyoitazama mimi, yaani hadhi inayolipiwa kila mwezi, muuaji anabadilika. Mwaka 1919 General Motors ilianzisha kampuni yake ya kukopesha wanunuzi wa magari. Kufikia katikati ya miaka ya 1920, karibu robo tatu ya magari Marekani yaliuzwa kwa mkopo. Ford Model T, iliyoanza kwa dola 850 mwaka 1908, ilikuwa imeshuka chini ya dola 300. Familia yenye dola kumi za kubaki kwa mwezi haikuweza kuzigawa mara mbili. Na gari linaonekana barabarani na mtaa mzima. Piano huonwa na mgeni aliyeingia ndani tu. Katika mashindano ya kujionyesha, sebule haiwezi kushindana na barabara.

Wauza piano walikuwa wamewafundisha Wamarekani kuishi kwa malipo ya mwezi. Mwanafunzi akahamia duka jingine.

Mdororo wa 1929 ulimalizia tu. Mwaka 1932 Aeolian ililazimika kuungana na mshindani wake mkubwa, American Piano. Mwaka 1936 Pratt, Read na Comstock, Cheney wakaungana pia kule bondeni. Mashine za kujipiga ziling'olewa ndani ya maelfu ya piano kwa sababu mipira yake ilioza na mafundi wake walizeeka. Pembe zenyewe ziliendelea kupasuliwa hadi miaka ya 1950, plastiki iliposhika nafasi.

Leo piano hizo ni mzigo. Kuisafirisha piano ya ukutani ya mwaka 1920 na kuiweka sawa ni gharama kubwa kuliko bei yake, na wenyewe hutangaza kuitoa bure asipatikane wa kuichukua. Sheria ya Pembe ya Uingereza ya 2018, iliyoanza kutumika 2022, imezipa ala za kabla ya 1975 msamaha, mradi pembe isifike asilimia 20 ya ujazo wake na ala iandikishwe kwa ada. Vipande vya pembe vikibanduliwa vikauzwa peke yake, msamaha huo hauvigusi. Kwa hiyo bab ulaya iliyopimwa Unguja zaidi ya miaka mia iliyopita inaweza bado kuuzwa London kihalali, kwa sharti la kubaki imegandamana na samani ambayo soko limeshaikataa.